Asali ya Mvua na Saumu ya Punje Moja

U Minh, 21 Februari 1994

Mpwa wangu Diep,

Kaa chini vizuri kabla hujaendelea kusoma, maana anayekuandikia leo si mtu wa kubahatisha. Katika msitu wote wa U Minh, kuanzia mfereji wa kwanza mpaka baharini, hakuna nyuki anayetua kwenye boriti tunazowategea bila kuniuliza kwanza mimi, Mjomba wako Tam. Wakuu wa wilaya wanakuja na kupita, mimi nipo palepale. Mwaka jana mmoja wao alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akatetemeka. Mke wangu Mama Nga anasema alikuwa na malaria. Wivu tu huo.

Salamu zikufikie huko kisiwani wewe, mumeo Toan na mama mkwe wako. Sisi huku wazima. Mama Nga anaumwa kiuno kwa ajili ya kupiga kasia, lakini afanyeje? Cheo changu unakijua: mimi hukaa katikati ya mtumbwi, nimenyooka, panga magotini, yeye anasukuma. Sikukuu ya mwaka mpya, Tet, tulikula mikate ya mchele mpaka bata wakatuonea huruma. Kaburi la mama yako nimelipaka chokaa upya. Nikamwambia, "Dada, binti yako nimemlea, nimemwoza, sasa analima vitunguu saumu katikati ya bahari. Nani kama mimi?" Hakujibu, kwa hiyo amekubali.

Sasa kikohozi cha mama mkwe wako. Saumu ya punje moja uliyotuma ndiyo yenyewe, hiyo isiyo na ndugu ndani ya ganda. Menya, iponde kidogo kwa ubapa wa kisu, tia kwenye chupa ya mdomo mpana, mimina asali ninayokutumia mpaka izame. Usijaze mpaka juu. Itachachuka, itatoa mapovu, itanung'unika. Kila asubuhi fungua kifuniko ipumue, kisha funga. Mwezi ukipita mpe kijiko kabla ya chai. Asali hii ni ya kiangazi, nzito. Ile ya mvua usiiguse kwa kazi hii. Ni nyembamba, ina hasira, na ni mjinga peke yake anayeifungia chupani.

Usishtuke kwa doa hili jekundu pembeni mwa karatasi. Ni damu, ila si yangu sana. Niliwakuta watu wanne wanakata masega kwenye boriti zangu. Kwetu unajua, kukata sega la boriti ya mwenzio ni sawa na kuingia chumbani kwake. Wa kwanza nilimpiga ubapa wa panga mdomoni, meno yakatoka kama mahindi yanavyopukuchuliwa. Wa pili nilimvunja goti, nikalisikia. Wa tatu sikio lake lilidondoka mferejini, samaki akaliwahi kabla mwenyewe hajapiga yowe. Wa nne alikuwa na kasia.

Nimeshonwa kidogo juu ya jicho, kumridhisha Mama Nga.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno. Ulipokuwa mdogo ndoto moja ulikuwa ukiisimulia tangu chai mpaka chakula cha jioni. Vipi, wino umeisha huko?

Mjomba wako,
Tam


Ly Son, 9 Aprili 1994

Shikamoo Mjomba. Shikamoo Mama Nga.

Pole kwa kichwa. Huku tumeshang'oa saumu yote, kisiwa kizima kinanuka, hata nguo tulizozificha sandukuni. Mwaka huu vichwa vimekuwa vidogo, mchanga mpya tulichelewa kuutandaza. Toan hapendi nikisema tulichelewa. Anasema nilichelewa.

Dawa yako imemfaa sana mama mkwe. Zamani alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta, sasa anakohoa kama watu wengine. Kila asubuhi nafungua kifuniko kama ulivyosema. Kinatoa sauti ndogo, kama mtu aliyetaka kusema neno akaacha.

Nina swali. Asali ikipakwa kwenye kidonda inafaa? Mahali pa ngozi nyembamba, kama juu ya shavu. Na jicho likiwa limevimba mpaka limefunga, ipakwe nje tu au na ndani? Ni mimi, niliteleza nikaangukia ukuta wa mawe wa shamba. Kuta za huku zina makali. Na kuna jino pia, lakini hilo limeshatoka, halina dawa.

Toan anawasalimu. Tafadhali usimwambie Mama Nga habari ya jino.

Mpwa wako,
Diep


U Minh, 15 Mei 1994

Diep mwanangu,

Salamu. Mvua imeanza, mbu wamerudi, bata mmoja ameliwa na chatu, nami nikamla chatu. Mama Nga hajui habari ya jino.

Amesoma juu ya bega langu. Sasa anajua. Yuko jikoni, nasikia vyungu vinavunjika.

Kwanza dawa. Kwenye kidonda paka asali tupu, safi, bila saumu, maana saumu itakuunguza. Jichoni usitie kitu chochote, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

Pili, ukuta. Mimi nimeangukia kuta nyingi maishani mwangu, nyingine nikiwa nimelewa na nyingine nikiwa mzima. Ukuta hukupiga mara moja, ukatulia. Haukupigi shavu, halafu jicho, halafu ukarudi kufuata jino.

Unamkumbuka Det wa mfereji wa pili, yule aliyekuwa akimchapa mkewe kwa mpini wa jembe? Sikukuambia yaliyompata. Nilikwenda kwake mchana kweupe. Akasema, "Bwana Tam, mke ni wangu." Nikamwambia, "Na nyuki ni wangu. Twende tukaone nani anafuga vizuri." Nikambeba begani kama gunia la mpunga, nikamfunga kwa kamba chini ya boriti yangu kubwa, sega juu yake limejaa kama titi la nyati. Nikaupiga ule mti teke moja. Diep, walishuka kama maji ya moto. Walimwingia puani, masikioni, ndani ya kope. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, kisha akawa anafumbua mdomo tu, na wengine wakaingia humo. Nilikaa pembeni na kienge changu cha makumbi kinatoa moshi, navuta sigara. Nilipomfungua, kichwa chake kilikuwa kama mkate wa mvuke. Mama yake mzazi akamtazama akasema, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Msomee Toan hadithi hii. Msomee taratibu akiwa anakula. Mwambie nikifika huko sitabisha hodi. Nitamkata kuanzia vidoleni, kimoja kimoja, kama ninavyokata sega, na yeye moshi sitampulizia. Niandikie neno moja tu, "njoo", na mimi huyo.

Mjomba wako anayeogopwa na chui,
Tam


Ly Son, 28 Juni 1994

Shikamoo Mjomba.

Sisi ni wazima. Saumu imeuzwa. Mama mkwe amepona kabisa, hakohoi tena.

Barua yako ilifika. Toan ndiye aliyeifungua. Aliisoma kwa sauti, kisha akaisoma tena, akacheka sana. Alicheka hasa mahali pa vidole.

Unisamehe kwa mwandiko huu, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa na vipande vya mianzi. Niliangukia ukingo wa kisima.

Toan yupo hapa karibu nami, anasoma ninavyoandika. Anakusalimu. Anasema karibu sana kisiwani wakati wowote, njoo na nyuki wako.

Usije, Mjomba. Na hadithi ya Det usiiandike tena.

Diep


Gatini Sa Ky, 19 Agosti 1994

Toan,

Najua unasoma wewe kwanza. Basi soma. Mimi niko hapa ng'ambo, kwenye gati, panga langu liko ndani ya mkeka. Kisiwa chako nakiona kwa macho yangu, ni kidogo kama kichuguu. Mkono wa kuume wa mtoto wangu umeuvunja kwa ajili ya maneno yangu. Hilo tutalizungumza wawili. Sasa mpe mkeo barua.

Diep mwanangu,

Salamu kutoka kwa Mama Nga. Amekushonea blauzi, ina mkono mmoja mpana ili mianzi ipite.

Nimesafiri kwa basi tangu Ca Mau. Njiani majambazi walitusimamisha. Dereva akalia, abiria wakalia. Nikashuka. Mmoja nilimgonga kichwa kwenye taa ya basi mpaka taa ikavunjika, mwingine nikamtupa kwenye shamba la mpunga, miguu ikawa juu inachezacheza kama chura. Basi tukaendelea.

Ningekuwa nimeshavuka, lakini mkuu wa gati amenizuia. Ana mambo mazito ya usalama, anataka ushauri wangu. Juzi alinizuia, jana alinizuia, leo tena. Mtu wa serikali huwezi kumwacha hivihivi. Labda kesho.

Kwa sasa chupa hii na barua hii anakuletea Bi Muoi, yule anayepeleka barafu kisiwani. Ni saumu na asali, nimeitengeneza mwenyewe ili mama mkwe wako asirudiwe na kikohozi. Kifuniko nimekizungushia waya, juu yake nta, hata tone moja halitavuja. Bi Muoi ameniangalia sana. Anafikiri mimi ni jenerali.

Kesho nitavuka.

Mjomba Tam


Mjini Quang Ngai, 11 Septemba 1994

Shikamoo Mjomba. Shikamoo Mama Nga.

Anwani hii ni mpya, ya fundi cherehani anayeitwa Bi Loan. Nalala kwake nyuma ya duka, nakunja nguo kwa mkono mmoja. Niko mzima. Sasa naandika peke yangu, hakuna anayesoma, kwa hiyo nitaeleza yote.

Hakukuwa na ukuta wala kisima. Mnajua. Alianza mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa kofi. Baadaye fimbo ya kuanikia samaki. Mkono aliuweka juu ya kizingiti akaukanyaga, huku anasoma barua yako, "kimoja kimoja, kama ninavyokata sega". Mashua zote za kisiwa ni za kaka zake na binamu zake. Nilikwenda ufukweni mara nyingi, na kila aliye na mashua aliniambia, "Shemeji, mumeo anajua kama unasafiri?" Kitambulisho changu kilikuwa kwenye sanduku, ufunguo shingoni mwake.

Na mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia. Zamani akikohoa, majirani walisikia kikohozi tu. Ulipomponya, nyumba ikawa kimya, watu wakaanza kusikia mambo mengine. Siku moja jirani alimuuliza kisimani, "Kwenu mnatwanga nini kila siku?" Alirudi akakaa anaangalia mikono yake mpaka jioni.

Chupa ilifika tarehe ishirini, saa za chakula cha mchana. Bi Muoi aliiweka mezani akaondoka haraka. Chupa ilikuwa ya moto kwa jua, na nta ya kifuniko imepanda juu kama kipara. Toan alisoma barua yako. Safari hii hakucheka. Alisema, "Yuko gatini? Huyo mzee yuko gatini?" Akanishika nywele, akaniburuta mpaka mlangoni tuitazame bahari. "Mwite! Mwite basi, avuke!" Nikaita. Alitaka niite kwa nguvu zaidi, akanipiga uso kwenye mwimo wa mlango, nikaita tena, damu inaniingia mdomoni. Kisha akarudi mezani akaishika chupa. "Hii ndiyo dawa ya mjomba?" Akaitikisa kichwani pangu. "Hii?" Akaitikisa tena kwa nguvu, akaibamiza mezani.

Mjomba, nilifikiri ni bomu la zamani lililobaki ardhini. Kilipasuka kila kitu. Nilipofumbua macho, Toan alikuwa amekaa sakafuni, asali inamtiririka usoni na damu inaifuata, vipande vya kioo vimesimama shavuni mwake na kimoja karibu kabisa na jicho. Kiganja kilifunguka, niliona mshipa mweupe. Punje ya saumu ilikuwa imekwama kwenye nywele zake. Alikuwa analia, "Mama, mama." Sisimizi walikuja kabla ya watu.

Mama mkwe akatoka nyuma ya pazia. Alimtazama mwanawe, akapiga magoti, akamvua ufunguo shingoni. Nilidhani anataka apumue. Akaenda kwenye sanduku, akanitia kitambulisho changu kifuani, ndani ya nguo, hakunitazama. Kaka zake Toan walipofika, wakasema wampeleke ng'ambo hospitali, wakambeba mpaka mashuani. Mkubwa wao akaniambia, "Wewe baki." Mama mkwe akapiga kelele, sikuwahi kumsikia akipiga kelele, "Abaki afanye nini? Nani atamwosha? Nani atamshikia choo, wewe? Mke anakwenda na mumewe!"

Wakanipandisha wenyewe. Wakanishika mkono mzima, nisiteleze.

Nilimshikilia kichwa njia nzima. Mlangoni mwa hospitali nilimkabidhi kwa wauguzi, nikaambiwa ningoje kwenye benchi. Sikukaa kwenye benchi. Sijui kama jicho limepona. Sikubaki kusikia.

Sasa nina swali moja. Nilipita gatini kukutafuta. Bi Muoi akaniambia kulikuwa na mwanamume mwenye kovu la mshono juu ya jicho na mkeka mrefu, alikaa karibu na banda lake la barafu siku kadhaa. Kila mashua ikipiga honi alisimama, akaenda mpaka kwenye ubao wa kupandia, akarudi akatapika nyuma ya mapipa. Alipompa chupa, alipanda basi mchana uleule. Anasema hapo gatini hapana mkuu, kuna mzee anayekata tiketi tu.

Mjomba, yule alikuwa nani? Ungengoja usiku mmoja tu, ungeniona nashuka.

Mpwa wako,
Diep


U Minh, 30 Septemba 1994

Diep, Diep mwanangu,

Mama Nga amesoma barua yako mara nyingi mpaka karatasi imelainika. Amechinja bata wawili. Mmoja ni wa mababu, mwingine anasema ni wa mama mkwe wako, na amemla yeye.

Sasa sikiliza habari za lile bomu. Nililitengeneza makusudi. Nilikaa nikapiga hesabu kama mhandisi, asali kiasi gani, saumu kiasi gani, hewa kiasi gani, nikajua kwamba Toan ataishika kwa mkono upi na ataitikisa mara ngapi. Wanajeshi wamekuja kuniuliza siri ya...

Mama Nga ameninyang'anya kalamu. Amerudisha. Anasema nisipoandika ataandika yeye, na yeye hana huruma.

Haya. Asali ya kiangazi iliisha, waliibeba wale wezi. Sawa, mwizi mmoja, yule wa kasia. Ile ilikuwa asali ya mvua, niliyokukataza mwenyewe. Nilikuwa na haraka, sikutaka kuja mikono mitupu, nikaifunga kwa waya na nta ili isivuje kwenye basi. Nilidhani nitafika kisiwani kesho yake, nitakufungulia mwenyewe kifuniko, ipumue, uicheke. Kama ningevuka siku ile, isingepasuka. Ilikaa juani gatini pamoja nami, siku baada ya siku, inavimba, nami nimekaa kando yake.

Hadithi ya Det ni kweli isipokuwa kamba, teke, na mimi. Nyuki walimwangukia wenyewe alipokuwa anaiba. Mkono wako ulivunjika kwa hadithi isiyokuwepo. Hilo sijui pa kuliweka.

Sasa njoo nyumbani. Panda basi mpaka Ca Mau, Mama Nga atakupokea stendi, mtashuka mferejini kwa mtumbwi. Na Toan akija kukutafuta, kwa jicho moja au mawili, aje. Hapa lazima ashuke aje kwa miguu mpaka mlangoni petu, na nchi kavu mimi simwogopi mtu. Panga nimelinoa kweli, Mama Nga shahidi, na yeye amenoa lake.

Nami nitakuja naye kukupokea. Utanikuta katikati ya mtumbwi, nimenyooka, panga magotini, kama siku zote. Usinicheke, na usiwaambie watu wa mfereji wa pili. Sijui kuogelea, Diep. Sijawahi kujua. Nakaa katikati kwa sababu hapo ndipo mbali na maji pande zote mbili.

Mjomba wako,
Tam